Mwamba wa Kabanga na Nyama za Mwili

Katika miaka ya 1970, wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walitafuta nikeli huko Kabanga, wilaya ya Ngara. Baadaye vipimo vya sumaku-umeme vilishushwa katika mashimo yaliyochorongwa huko. Njia yenyewe ni hii: sumaku inayobadilika-badilika huelekezwa ardhini, penye mawe ya salfaidi, yapitishayo umeme kuliko mwamba wa kawaida, huzuka mkondo wenye sumaku yake, na chombo huipokea.

Elimu ya namna hiyo imeingia hospitalini pia. Mwaka 1991 E. M. Haacke na wenzake walieleza jinsi mashine ya MRI iwezavyo kupima upitishaji umeme wa nyama za mwili. Mwaka 2009 Ulrich Katscher na wenzake, nchini Ujerumani, waliiendeleza njia hiyo. Mgonjwa hatiwi umeme kwa waya. Mawimbi ya redio ya mashine hupindika yapitapo mwilini, na kwa kuuhesabu mpindo huo hujulikana tabia ya kila sehemu. Majimaji ya ubongo hupitisha umeme vyema, mafuta kwa uhafifu. Uvimbe wa saratani mara nyingi huzidi nyama zenye afya zilizouzunguka.

Ngara, pamoja na Biharamulo ambako mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifunguliwa mwaka 2005, zimeshuhudia gharama kubwa ikitolewa ili kuyajua yaliyofichika ardhini. Ni haki ya wakazi wake kwamba maradhi yaliyofichika miilini mwao yatafutwe kwa bidii isiyopungua hiyo.