Nayakan na Sungusungu wetu

Juzi usiku, hapa Nyasubi, Kahama, umeme ulikuwepo na usingizi haukuwepo, nikaamua kuiangalia tena Nayakan. Ni filamu ya Kitamil ya mwaka 1987, imeongozwa na Mani Ratnam, steringi ni Kamal Haasan. Kisa kimechotwa kwa sehemu kwenye maisha ya Varadarajan Mudaliar, mbabe wa magendo wa Bombay.

Kwa ufupi: mtoto Velu anamuua askari aliyemuua baba yake, anakimbilia Bombay, analelewa na Hussain, mzee wa magendo. Polisi wanamuua Hussain mahabusu. Velu analipiza. Tangu hapo watu wa mtaa wake wakidhulumiwa hawaendi polisi, wanakwenda kwake.

Ndugu zangu, kwa mtu wa Shinyanga hiyo si sinema tu. Mwaka 1976 ilipigwa operesheni Mwanza na Shinyanga dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Watuhumiwa waliteswa, wengine wakafia mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa sababu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi na wananchi wakakosa imani na polisi na mahakama, Sungusungu wakaibuka pande hizi za Kahama na Nzega, na pinde zao na filimbi zao. Mwalimu Nyerere aliwatetea. Mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Hapo ndipo filamu ina nguvu: haimzushi Velu hewani, inaonyesha mlango uliofungwa kwanza. Kamal Haasan naye anazeeka mbele ya macho yako, tangu kijana hadi babu, bila kukupa nafasi ya kutomwamini. Alistahili ile tuzo ya taifa ya India.

Udhaifu wake? Fedha za magendo zinapitishwa haraka, kama vile hakuna aliyeumia. Mkewe, Neela, anauawa na hadithi inasonga. Binti yake, Charumathi, ndiye pekee anayembana baba kwa maswali, lakini anapewa muda mdogo. Kila anayepigwa na Velu, tumeandaliwa mapema kumchukia.

Maisha hayatuandalii hivyo. Marehemu bibi yangu alinisimulia habari za jirani yake, ajuza mwenye macho mekundu. Macho yale yalitokana na moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe, hakuna zaidi. Filimbi zilipigwa, akafukuzwa kijijini kwamba ni mchawi. Bibi alikuwa amewashangilia watu hao hao mwezi uliotangulia, waliporudisha ng'ombe wa kaka yake. "Nilinyamaza," aliniambia, na hakuongeza neno.

Vibandani tulizoea kwamba steringi hafi. Huyu anakufa, na anayemuua ni mtoto wa yule askari aliyeuawa na Velu, mtoto ambaye Velu mwenyewe alikuwa akimtunza. Kabla ya hapo mjukuu anamuuliza kama yeye ni mtu mwema au mbaya, na mzee anakiri hajui.

Nawapenda Sungusungu kwa ng'ombe wale. Lakini swali la mjukuu nadhani angepaswa kuulizwa yule ajuza, si Velu. Au mnasemaje?