Hatua ya Saba

Mwaka niliomaliza kidato cha nne sikuwa na kazi. Kalamu nilikuwa nayo, daftari la hadithi nilikuwa nalo, lakini daftari halinunui unga. Jirani yetu mmoja, fundi wa mapambo, akanionea huruma. "Mdogo wangu," akasema, "kesho twende mjini ukapange viti." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika harusi ya Kihindu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi mmoja karibu na Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, mtaa wa mahekalu.

Kabla sijaendelea, tuweke neno moja sawa. Sisi mitaani kila mtu mwenye asili ya kule tunamwita Mhindi, basi tumemaliza. Kumbe Mhindi ni mtu wa asili ya India, na Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi wa kwetu wamo Waismailia, Mabohora, Masingasinga, Wagoa ambao ni Wakatoliki, na Wahindu. Harusi ninayoisimulia ni ya Wahindu wenye asili ya Gujarat, magharibi ya India, ambako ndiko walikotoka wengi wa wazee wao waliokuja pwani yetu kwa majahazi na meli.

Nilipomaliza viti sikuondoka. Nilisimama nyuma karibu na masufuria, nikaangalia. Katikati ya ukumbi palikuwa na mandapa, yaani kibanda cha nguzo nne kilichopambwa maua. Bwana harusi alipofika mlangoni alipokelewa na mama mkwe wake, na mama yule, mbele ya watu wote, akajaribu kumshika pua! Watu wakacheka. Maana yake, bwana mdogo, usijivune, umekuja kuomba. Alipovua viatu aingie mandapa, wadogo zake bibi harusi wakaviiba, wakaenda kuvificha mpaka awalipe. Nikajisemea, ah, hawa hawana tofauti na sisi. Kwetu nako bwana harusi hukuta mlango umefungwa mpaka atoe chochote.

Na si hilo tu. Siku chache kabla, bibi harusi alikuwa amepakwa manjano mwilini na hina mikononi. Mtu wa Pwani akisikia hivyo atakumbuka singo na hina za bibi harusi wa Kiswahili. Bahari ya Hindi haikupitisha karafuu na vitambaa peke yake.

Jambo likabadilika moto ulipowashwa. Bibi na bwana walitenganishwa kwanza kwa kitambaa, kisha kikashushwa wakaonana. Baba akaweka mkono wa binti yake katika mkono wa kijana. Hiyo huitwa kanyadan, yaani kumtoa binti kama sadaka. Kisha kaka yake bibi harusi, kijana wa rika langu kabisa, akasimama na kummiminia dada yake nafaka viganjani, na yule dada akaitia motoni. Wakauzunguka moto mara nne. Mwisho vikapangwa vichungu saba vya mchele, wakapiga hatua saba pamoja.

Karibu yangu alikaa mama mmoja mzee, sari yake ya rangi ya maziwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaona nimeduwaa. "Hizo hatua, mwanangu," akaniambia, "ndizo ndoa yenyewe. Ya kwanza chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne raha, ya tano watoto, ya sita majira ya mwaka yawe mema. Ya saba ni urafiki. Wakifika ya saba, imekwisha. Haya mengine yote ni mapambo."

Mimi sikuwa nikizifikiria hatua. Nilikuwa nimemtazama yule kaka mwenye nafaka, nikamkumbuka dada yangu. Dada aliozwa akiwa na miaka 16, kidato cha pili. Siku wageni walipoleta posa mimi nilitumwa dukani kununua soda. Niliporudi nikamkuta jikoni analia. Akaniambia, "Wewe ukisema, baba atakusikia." Nilikuwa na miaka 14. Nikapeleka soda sebuleni, nikanyamaza. Nilipomwona yule kijana anammiminia dada yake nafaka, nikajiuliza: huyu bibi harusi, kuna aliyemuuliza?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Maktaba Kuu. Nilidhani nitakuta jibu la ukurasa mmoja. Nikakuta historia ya miaka zaidi ya 3,000.

Katika Rigveda, kitabu cha kale kuliko vyote vya Wahindu, kuna utenzi wa harusi ya Surya, binti wa jua. Kushikana mkono mbele ya moto kumeanzia huko mbali. Baadaye vikaja vitabu vinavyoitwa Grihyasutra, ambavyo ni kama mwongozo wa ibada za nyumbani. Humo mna moto, mna nafaka, mna hatua saba. Mna pia jiwe: bibi harusi hukanyaga jiwe na kuambiwa awe imara kama jiwe hilo. Usiku bibi na bwana huonyeshwa nyota ya kaskazini, ile isiyohama, ili nao wasiyumbe. Hapa nilitabasamu. Nyota ile haionekani kutoka Dar es Salaam, maana sisi tuko kusini ya ikweta. Aliyehama na mila yake toka Gujarat alikuta nyota imebaki nyuma, lakini ndoa zikaendelea kufungwa.

Sheria za Manu, kitabu chenye umri wa karibu miaka 2,000, zinataja aina nane za ndoa. Ipo ile ya baba kumtoa binti kwa mtu mwenye elimu. Ipo ya kumnunua binti kwa mali. Ipo ya kumteka kwa nguvu huku analia. Na ipo inayoitwa gandharva: wawili wamependana, wameoana wenyewe bila kumuuliza mtu. Ndiyo ndoa ya Shakuntala katika mchezo wa Kalidasa, na vijana wenzangu mnaotaka kuandika, utafuteni mchezo huo. Tena katika tenzi za kale binti wa mfalme huitisha mkutano wa wachumba, na anayeshinda huvishwa shada la maua. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mila ni moja tu na haina mlango. Ilikuwa na milango minane, mingine mizuri na mingine ya kutisha.

Lakini mlango uliotumika zaidi karne zilizofuata ulikuwa wa kumwoza binti akiwa mtoto. Gandhi mwenyewe aliozwa na Kasturba wote wakiwa na miaka kama 13, na alipokua akaandika kwa aibu juu ya jambo hilo. Mjane, hata awe mtoto asiyewahi kuishi na mume, katika matabaka ya juu hakuruhusiwa kuolewa tena. Mwaka 1829 serikali ya Waingereza huko Bengal ilipiga marufuku kuchomwa kwa wajane pamoja na maiti za waume zao, baada ya kampeni ya Mhindu, Ram Mohan Roy. Mwaka 1856 Ishwar Chandra Vidyasagar, mwanachuoni wa Kisanskriti, akafanikiwa kupata sheria ya kuruhusu wajane waolewe tena. Aliwashinda wapinzani kwa vitabu vyao wenyewe, akawaonyesha mstari unaoruhusu.

Sasa nimlete mtu aliyenikosesha usingizi. Jina lake Rukhmabai, wa Bombay. Aliozwa akiwa na miaka 11, akabaki kwa mama yake, akasoma vitabu. Mwaka 1884 mume akaenda mahakamani kumdai kama mtu anavyodai ng'ombe wake. Rukhmabai akakataa. Akasema hakuwa na akili ya kukubali ndoa wakati ule, na sasa haikubali. Jaji wa kwanza akampa haki. Rufaa ikakatwa, na mwaka 1887 akaamriwa: nenda kwa mumeo, la sivyo jela miezi sita. Akajibu kwamba atakwenda jela. Bwana wee! Msichana wa miaka ishirini na kitu, mwaka 1887!

Jela hakwenda. Mwaka 1888 mume alikubali kulipwa rupia 2,000, yakaisha. Rukhmabai akasafiri kwenda London kusomea udaktari, akarudi kuwatibu wanawake wa Surat na Rajkot miaka mingi. Kelele za kesi yake, na kifo cha msichana Phulmoni huko Calcutta aliyeumizwa na mumewe akiwa bado mtoto, zilichangia sheria ya mwaka 1891 iliyokataza mume kumwingilia mke wa chini ya miaka 12. Mwaka 1929 ikaja sheria ya kuweka umri wa ndoa: msichana 14, mvulana 18. Mwaka 1978 ukapandishwa: 18 kwa msichana, 21 kwa mvulana.

Msidhani mila ile ilitishwa na wenyewe kwa wenyewe tu. Huku kwetu Afrika, Machi 1913, jaji Searle wa Cape Town alitoa hukumu iliyomaanisha kwamba ndoa isiyofungwa Kikristo wala kuandikishwa serikalini haitambuliki. Kesi ilikuwa ya Mwislamu, lakini Wahindu nao walijikuta kundi moja. Mama aliyezaa watoto sita aliamka asubuhi akaambiwa yeye ni hawara. Ndipo wanawake wakaingia katika mapambano ya Gandhi. Kasturba, yuleyule aliyeozwa utotoni, akavuka mpaka wa Transvaal kwa makusudi akafungwa miezi mitatu na kazi ngumu. Mwaka 1914 serikali ikatunga sheria ya kuzitambua ndoa hizo. Mwanamke yuleyule ambaye hakuulizwa wakati wa kuozwa alikwenda jela kuitetea ndoa yake. Mambo hayo riwaya nzima haiwezi kuyamaliza.

India ilipopata uhuru ikatunga Sheria ya Ndoa ya Kihindu ya mwaka 1955. Mume mmoja, mke mmoja, na talaka inawezekana. Na humo imeandikwa kwamba pale ambapo hatua saba ni sehemu ya ibada, ndoa inakamilika hatua ya saba inapopigwa. Yule mama wa Kisutu alikuwa ananisomea sheria bila mimi kujua! Mwaka huohuo wa 1955 Rukhmabai alifariki, akiwa na miaka 90. Mwaka 2024 Mahakama Kuu kabisa ya India ikakumbusha tena kwamba cheti peke yake, bila ibada, hakifanyi ndoa ya Kihindu. Kenya nayo, katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, imeitaja ndoa ya Kihindu kuwa moja ya aina tano zinazotambuliwa.

Sisemi kila kitu kimenyooka. Kule mali hutoka kwa upande wa binti kwenda kwa bwana harusi, kinyume cha mahari yetu. Sheria ilipiga marufuku mwaka 1961, lakini bado magazeti ya India huandika habari za wake waliouawa kwa sababu ya mali hiyo. Na sisi tusiwacheke. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15. Ilichukua mpaka 2016 Mahakama Kuu kusema jambo hilo linapingana na Katiba, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Dada yangu hukumu hizo zilimkuta ana watoto wawili.

Lugha yetu yenyewe inasema mengi: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na mtoto wa kike anaozwa. Lakini katika zile hatua saba hakuna anayebebwa. Kila mmoja hupiga kwa miguu yake, na ya mwisho ni ya urafiki. Waliozipanga zamani zile waliweka humo kitu ambacho wajukuu wao walikisahau, mpaka msichana mmoja wa Bombay akagoma kutembea.

Mwezi uliopita nilimsomea dada yangu habari za Rukhmabai. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika pale pa jela, akaacha kuchambua. Akauliza, "Na huyo, kaka zake walisema nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaweka daftari chini, nikamsaidia kuchambua mchele.