Elimu ya Wachungaji na Mapato Yao katika Historia ya Marekani

Katika makoloni mengi ya Uingereza yaliyokuja kuwa Marekani, kipato cha mchungaji kilitokana na sheria na kodi, wala hakikupimwa kwa elimu yake, ingawa elimu hiyo ilithaminiwa kiasi kwamba Chuo cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilikusudiwa pamoja na mambo mengine kuyapatia makanisa wahudumu wasomi. Massachusetts ilitoza wakazi kodi ya kumlipa mchungaji, ambaye aghalabu alipewa pia ardhi na kuni. Virginia, ambako Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa rasmi, ilimwekea ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka, kwa kuwa zao hilo ndilo lililotumika kama fedha.

Mwaka 1758, mavuno yalipopungua na bei ya tumbaku kupanda, bunge la Virginia liliruhusu madeni ya tumbaku yalipwe kwa peni 2 kwa kila ratili, wakati sokoni bei ilikuwa karibu mara tatu ya hiyo. Makasisi walikata rufaa kwa mfalme, sheria ikabatilishwa, na mmoja wao, James Maury, akadai haki yake katika mahakama ya Hanover, iliyokubali kwamba alidhulumiwa. Hata hivyo, Desemba 1763, ilipobaki kazi ya kukadiria fidia tu, wakili kijana Patrick Henry aliwashutumu makasisi kwa ukali, na baraza la wazee wa mahakama likampa Maury peni 1. Hukumu hiyo, ya kikatili kwa mtu aliyekuwa na haki, ilidhihirisha kwamba sheria haikuweza kumlinda mchungaji pale waumini walipokataa kumlipa.

Baada ya uhuru, kodi za kanisa zilifutwa jimbo baada ya jimbo, Connecticut mwaka 1818 na Massachusetts mwaka 1833, na mchungaji akabaki kutegemea sadaka na ahadi za washarika. Ajabu ni kwamba masomo yalirefushwa wakati huohuo: seminari, yaani vyuo maalumu vya theolojia, zilianzishwa Andover mwaka 1807 na Princeton mwaka 1812, zikidai miaka mitatu zaidi baada ya chuo. Wamethodisti walifuata njia nyingine, kwani wahubiri wao waliozunguka kwa farasi, wengi bila elimu ya chuo, waliwekewa posho ya dola 80 kwa mwaka kuanzia 1800 na dola 100 kuanzia 1816. Nao ndio walioliwezesha kanisa lao kuwa kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini kufikia katikati ya karne ya 19.

Katika karne ya 20, mafunzo ya seminari yalitunukiwa shahada iliyoitwa ya kwanza, ingawa aliyeipata tayari alikuwa na shahada nyingine, hadi miaka ya 1960 na 1970 vyuo vilipoibadilisha jina kuwa ya uzamili. Kapu la sadaka halikuongezeka kwa sababu hiyo, na usharika mdogo uliendelea kulipa kadiri ulivyoweza. Sehemu ya malipo ilikuwa nyumba, ambayo thamani yake ilisamehewa kodi ya mapato mwaka 1921, msamaha uliopanuliwa mwaka 1954 hadi posho ya makazi inayotolewa kwa fedha. Kwa hiyo anayehesabu mshahara taslimu peke yake, akamlinganisha mhitimu wa theolojia na wahitimu wengine wa uzamili, huacha nje sehemu muhimu ya kipato chake.