Maji Meusi ya Kirumi: Klipu Iliwahi, Kipimo Kikachelewa

Ukitoka Musoma kwenda Tarime kwa basi, unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi. Upande mmoja ni Butiama, ng'ambo ni Rorya. Machi 2022 watu wa eneo hilo walitoa simu mfukoni na kurekodi: maji yamekuwa meusi, yananuka, na samaki wanaelea matumbo juu. Klipu zikaruka kwenye magrupu ya WhatsApp, zikaingia kwenye kurasa za habari, na nchi nzima ikawa inauliza swali moja: ni mgodi?

Aliyekuwa waziri wa mazingira, Selemani Jafo, aliunda kamati chini ya Profesa Samuel Manyele, mhandisi wa kemikali aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ndani ya siku chache jibu likatoka: chanzo kikubwa ni kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, na oksijeni ikapungua majini. Basi, utani ukatapakaa mitandaoni. Ng'ombe wa Mara wakawa watuhumiwa maarufu kuliko wote nchini.

Kicheko kile kilikuwa na historia nyuma yake. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, yakaingia Mto Tigithe, ambao unamwaga maji yake Mara. Kampuni ilisema utando wa plastiki wa bwawa ulikuwa umeibwa. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima maji, udongo na tope kuzunguka mgodi kwa ajili ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, wakakuta aseniki kwa viwango vya kutia wasiwasi. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji ya bwawa la mabaki kuvuja. Sasa mtu aliyeishi na haya yote, ukimwambia ni ng'ombe, unategemea akujibu nini?

Juni 2019 ulitokea pia ushirikiano mkubwa wa kihabari kuwahi kuugusa mkoa huu. Mtandao wa Forbidden Stories wenye makao yake Ufaransa ulitoa mradi uitwao Green Blood: waandishi 40, vyombo 30 vya habari, North Mara ikiwa mojawapo ya migodi iliyochunguzwa. Wazo lake ni rahisi, na mimi nalipenda: mwandishi mmoja akitishwa, wengine wanaimalizia habari yake. Waligundua kwamba waandishi wasiopungua 12, wa ndani na wa nje, waliowahi kuandika kuhusu mgodi ule walikuwa wamezuiwa au kutishwa. Lakini angalia nani alikuwa na nafasi ya kusema kwa sauti: Guardian, Le Monde. Kijana wa Nyamongo mwenye simu alikuwa shahidi tu.

Turudi Kirumi, kwenye sayansi, maana hapa wengi tulipitwa. Mwaka 2018 Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature Communications kuhusu Mto Mara huuhuu, upande wa Kenya. Huko kuna viboko zaidi ya 4,000, na hesabu za awali zilionyesha wanamwaga mtoni karibu tani 36 za kinyesi kila siku. Kipindi cha maji machache kinyesi kinatulia chini ya madimbwi na bakteria wanakila huku wakimaliza oksijeni. Mvua kubwa ikija, uchafu wote unasukumwa kwa mkupuo. Samaki wanakosa pumzi. Watafiti waliandika matukio 9 ya samaki kufa kwa wingi ndani ya miaka 5, bila tone la saynaidi.

Kwa hiyo maelezo ya kinyesi hayakuwa kichekesho. Kikemia yanawezekana kabisa. Ila kuwezekana ni jambo moja, kuthibitisha kwamba ndicho kilichotokea wiki ile ni jambo jingine. Na hapo muda ndio kila kitu. Oksijeni inaweza kurudi ndani ya saa au siku chache. Saynaidi huvunjika juani na hewani. Metali nzito hazivunjiki. Zinaganda kwenye tope na kukaa miaka. Ukichota maji siku ya nne, umepima mto mwingine. Lakini ukichota tope, bado una ushahidi wa metali.

Sasa jiulize nani alikuwa mtoni saa ya kwanza. Ni mwenye simu. Mwandishi wa Musoma alifika baadaye, na maabara baada yake. Huyu wa kwanza ana picha, saa na mahali; wa pili anajua kuuliza mgodi, bonde na ofisi ya mkoa, na kuandika majibu ya kila upande. Tatizo ni kwamba klipu ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani ya faili zinafutika. Ikitumwa kama "dokumenti" faili inabaki ilivyo. Kitu kidogo hivyo, lakini ndicho kinachotofautisha ushahidi na umbea.

Kinachowatenganisha hawa wawili si teknolojia peke yake. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilimweka mwandishi chini ya Bodi ya Ithibati. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikampeleka mwenye blogu au chaneli kuomba leseni TCRA. Kazi ileile, milango miwili. Mwaka huohuo wa 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa na kufanya kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali, ikalegezwa 2019. (Mtoto wa Butiama mwenyewe alionja: 1958 Julius Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6 kwa alichokiandika kuhusu maofisa wa kikoloni katika Sauti ya TANU, kijarida alichokihariri mwenyewe. Akalipa faini.)

Ningependa kuona waandishi wa Musoma na vijana wa chaneli za Bunda na Butiama wakikubaliana mapema, kabla mto haujabadilika rangi: nani anarekodi, nani anahifadhi faili halisi, mwanafunzi gani wa kemia anakuja na kipima oksijeni. Mto Grumeti, unaoingia ziwani upande wa Bunda, nao una viboko. Na kipimo kifanyike kabla jua halijachomoza, maana usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni, inaitumia tu. Ukipima saa sita mchana unaweza kukuta maji yenye nafuu na samaki waliokufa alfajiri.