Zama za Siasa: Karafuu, Kura na Kabila

Barabara itokayo Mjini kuelekea Makunduchi, ifikapo pande za Tunguu, hukaribia mpaka wa nchi mbili za Unguja: magharibi ardhi ya rutuba yenye mikarafuu, iliyomilikiwa zaidi na Waarabu tangu enzi ya Sultani Seyyid Said, na mashariki nchi ya mawe, makao ya Wahadimu.

Baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, mashamba hayo ya mikarafuu yalitunzwa kwa ada isiyoandikwa: mwenye shamba alimruhusu mkaazi kujenga kibanda na kupanda mihogo na kunde baina ya mikarafuu pasi na kodi, naye mkaazi, kila alipopalilia mihogo yake, aliipalilia na mikarafuu ya mwenyewe. Jembe moja likawalisha wawili, na mtu hakuulizwa kabila lake.

Ada hiyo ilivunjwa na kura. Katika uchaguzi wa Julai 1957, wa viti 6 tu, Abeid Amani Karume, kiongozi wa chama cha Waafro-Shirazi, alimshinda Ali Muhsin wa chama cha Hizbu (ZNP) katika jimbo la Ng'ambo, na hasira za wakubwa wa Hizbu zikateremka hadi mashambani: wakaazi waliodhaniwa kuwapigia kura Waafro-Shirazi wakafukuzwa, nao wenzao wakagoma kupalilia na kuyasusia maduka ya Waarabu.

Ajabu ni kwamba dini haikuwatenga watu hawa, kwani takriban wote walikuwa Waislamu. Hizbu ikaunadi Uislamu na utii kwa Sultani, na wapinzani wao wakakumbusha madhila ya utumwa, hata waliosali safu moja wakapigana kwenye foleni za kura za Juni 1961, watu 68 wakafa. Washirazi, yaani wenyeji kama Wahadimu, nao waligawanyika. Ameir Tajo, mwana wa Makunduchi, alijitenga na Waafro-Shirazi mwaka 1959, akaasisi chama cha ZPPP pamoja na Muhammad Shamte.

Julai 1963 Waafro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 kati ya 31. Shamte na Hizbu wakatawala kwa viti 18. Uhuru wa Desemba 10 haukutimiza siku 40, Mapinduzi yakazuka Januari 12, 1964. Serikali ilishika hesabu ya viti, ikasahau kwamba mkaazi aliyefukuzwa kwenye mihogo yake hana hasara ya kuogopa.