Shamba na Kiwanja: Mipaka ya Kuigeuza Ardhi

Katika uwanda wa Makonde, huko Nanyamba, mkorosho si mti tu. Aliyeupanda na kuupalilia hutambuliwa na jirani zake kuwa ndiye mwenye shamba, hata kama hana hati. Katika muongo wa 2010 Nanyamba ilipewa Halmashauri yake ya Mji. Mji ukikua huhitaji barabara, shule na viwanja. Basi yatupasa tujiulize: ni nani awezaye kuligeuza shamba la mtu kuwa kiwanja, na uwezo wake hukomea wapi?

Zamani za ukoloni mwananchi hakuwa na kinga. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kuwa ardhi yote waliyoiona haina mwenyewe ni mali ya dola yao. Waingereza nao, kwa sheria ya 1923, waliiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana; ndipo mwaka 1928 haki ya mwenyeji aishikaye ardhi kwa mila ikatajwa katika sheria.

Baada ya Uhuru, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi, na mashamba mengi yakapata wenyewe wapya. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kuzifuta haki za kimila katika vijiji hivyo na kuwafungia wadai milango ya mahakama. Familia moja ya wakulima wa Mkoa wa Arusha ikaipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, wala mtu asinyang'anywe pasipo fidia ya haki.

Sheria za Ardhi za 1999, zilizoanza kutumika 2001, ziliweka mipaka iliyo wazi. Ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, lakini haki ya mtumiaji ina thamani. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kugeuzwa kuwa ardhi ya jumla, sharti wanakijiji waarifiwe. Eneo lisipozidi hekta 250, Mkutano wa Kijiji ndio ukubalio au kukataa. Likizidi, Waziri huamua baada ya kuyapima mapendekezo ya mkutano huo. Wala ardhi haihamishwi kabla ya mapatano juu ya fidia. Mwenye hati naye hawezi kubadili matumizi ya kiwanja chake apendavyo, bali huomba kibali.

Kwa hiyo sheria humfunga mwenye mamlaka na mwenye mali pia. Lakini mipaka hii hulindwa na watu. Mkulima asiyehudhuria Mkutano wa Kijiji amewaachia wengine kalamu ya kuichora ramani ya shamba lake.