Alama Kumi na Tano: Historia ya Tathmini ya Ulemavu kwa Ajili ya Mafao Nchini Uingereza

Malalamiko ya watu wenye ulemavu nchini Uingereza dhidi ya tathmini zinazoamua nani alipwe mafao huelezwa mara nyingi kana kwamba yalianza mwaka 2008, serikali ilipoanzisha Tathmini ya Uwezo wa Kufanya Kazi, na kana kwamba chanzo chake ni kampuni ya Atos iliyoiendesha kwa mkataba. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni ukweli wa nusu. Kampuni hiyo iliondoka mwaka 2015, Maximus ikashika nafasi yake, na malalamiko yakabaki palepale. Ili kuelewa sababu yake, hapana budi kufuatilia swali ambalo dola ya Uingereza imelijibu kwa namna tofauti kwa zaidi ya karne moja: mtu anaposema kwamba mwili au akili yake haimruhusu kufanya kazi, ni nani mwenye mamlaka ya kulithibitisha neno lake?

Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911 ilimpa mamlaka hayo daktari anayemtibu mgonjwa. Mwanamume mwenye bima aliyeugua alilipwa shilingi 10 kwa wiki, mwanamke shilingi 7 na nusu, na ugonjwa ulipozidi kurefuka malipo yalishuka hadi shilingi 5. Cheti cha daktari ndicho kilichofungua mlango. Haukupita muda mrefu, vyama vya bima vilivyosimamia fedha hizo vikaanza kunung'unika kwamba madaktari walikuwa walegevu, kwa kuwa walilipwa kwa idadi ya wagonjwa waliojiandikisha kwao na daktari mwenye mkono mgumu angeweza kuwapoteza. Hivyo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akazaliwa daktari wa aina ya pili: ofisa tabibu wa kanda, ambaye kazi yake haikuwa kutibu bali kukagua. Tangu hapo mgonjwa wa Uingereza amekuwa akitazamwa na madaktari wawili, mmoja anayemjua na mwingine asiyemjua, na historia yote iliyofuata inaweza kusomwa kama historia ya huyo wa pili kumshinda wa kwanza.

Vita hivyo vilileta pia kitu kingine, nacho ni jedwali. Askari waliorudi bila mkono au mguu walipangiwa pensheni kwa asilimia ya kiungo kilichopotea. Aliyepoteza viungo viwili alihesabiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100. Jedwali lilikuwa na sifa moja ambayo haipaswi kubezwa, yaani lilimlinda askari dhidi ya upendeleo na chuki ya mkaguzi. Lakini lilipima vizuri kile kinachoonekana tu. Aliyerudi na viungo vyote huku akitetemeka usiku kucha kwa mshtuko wa mizinga hakuwa na mstari wake ulio wazi katika orodha hiyo. Udhaifu huo haukuwahi kuponywa, ulirithiwa.

Miongo ya katikati ya karne inaweza kupitwa upesi. Mafao ya kutojiweza kwa muda mrefu yaliyoanzishwa mwaka 1971 yaliendelea kutegemea zaidi cheti cha daktari wa familia, na wanufaika hawakuwa wengi kiasi cha kuitisha Hazina. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma kufungwa katika miaka ya 1980. Idadi ya wanufaika iliongezeka zaidi ya maradufu, na ongezeko hilo lilijikita katika maeneo kama Merthyr Tydfil huko Wales na Easington kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Watafiti Christina Beatty na Stephen Fothergill wa Chuo Kikuu cha Sheffield Hallam waliuita sehemu ya ukuaji huo ukosefu wa ajira uliofichika. Hawakumaanisha kwamba watu hao walidanganya. Mchimba makaa mwenye mapafu mabovu alikuwa mgonjwa kweli. Ila kazi zilipokuwapo, alipatiwa kazi nyepesi juu ya mgodi, na zilipotoweka, ugonjwa wake ukawa kizuizi kamili. Serikali ilizisikia takwimu hizo kwa namna nyingine: tatizo lilionekana kuwa la vyeti, si la migodi.

Mwaka 1995 serikali ya chama cha Conservative ilibadilisha mafao hayo na kuanzisha kipimo kipya kilichotumia alama. Uwezo wa kutembea, kuketi, kuinua, kuona na kusikia uligawanywa katika ngazi, kila ngazi ikapewa alama zake, na kizingiti cha udhaifu wa kimwili kikawekwa kwenye alama 15. Tarehe hiyo ni muhimu. Inaonesha kwamba jedwali la vita lilikuwa limerejea kwa sura mpya miaka 13 kabla ya tathmini inayolaumiwa leo, na kwamba chama cha Labour, kilipopitisha sheria ya mwaka 2007 na kuanza utekelezaji Oktoba 2008, kilikaza chombo kilichokuwapo. Serikali ya mseto iliyoingia mwaka 2010 ilikitumia chombo hicho kuwapima upya wanufaika wa zamani, ikianza na majaribio huko Aberdeen na Burnley.

Namna alama zinavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu hapo ndipo kero yenyewe ilipo. Kwa kanuni za mwaka 2011, asiyeweza kwenda zaidi ya mita 50 bila kusimama hupata alama 15 na amevuka. Anayeishia mita 100 hupata 9. Anayeishia mita 200 hupata 6. Kwenda huko si lazima kuwe kwa miguu: mtathmini huruhusiwa kuzingatia kama mdai angeweza kutumia kiti cha magurudumu, hata kama hanacho. Asiyeweza kuinua pakiti ya nusu lita ya kinywaji hupata 15, na asiyeweza kuinua ya lita moja hupata 9. Hakuna mahali panapoulizwa kama kuna mwajiri yeyote atakayemwajiri mtu anayeinua nusu lita lakini si lita. Kipimo kinachoitwa cha uwezo wa kufanya kazi hakiigusi kazi.

Chumba cha mahojiano kiliongeza uzito wa kanuni hizo. Mtathmini aliweza kuwa muuguzi au mtaalamu wa viungo, si lazima daktari, wala si lazima mjuzi wa ugonjwa uliokuwa mbele yake. Majibu yaliingizwa katika programu ya kompyuta iliyokuwa na sentensi zilizotayarishwa, na wadai wengi waliosoma ripoti zao baadaye walisema hawakujitambua ndani yake. Walioumia zaidi walikuwa wenye maradhi yanayopanda na kushuka, pamoja na wagonjwa wa akili. Mtu aliyeoga, akavaa vizuri na kufika kwa wakati alionekana mzima, ingawa maandalizi hayo yangemlaza kitandani siku mbili zilizofuata. Profesa Malcolm Harrington, aliyeteuliwa na serikali kuichunguza tathmini hiyo, alibaini mwaka 2010 kwamba ilikuwa ya kimashine na isiyo na utu. Hakuitaka ifutwe, bali irekebishwe. Wanaharakati hawakuridhika, na mwaka 2012 Atos ilipokuwa miongoni mwa wafadhili wa Michezo ya Paralimpiki jijini London, waliandamana hadi kwenye ofisi zake. Ni vigumu kubuni kejeli kubwa kuliko ile ambayo historia ilijiandikia yenyewe mwaka huo.

Mabaraza ya rufaa ndiyo yaliyotoa ushahidi mzito zaidi. Katika miaka ya mwanzo takribani rufaa 4 katika kila 10 zilizosikilizwa ziliamuliwa kwa faida ya mdai. Watetezi wa mfumo walisema kwamba wengi hawakukata rufaa kabisa, na kwamba baraza mara nyingi lilipokea ushahidi mpya. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inajikata mguu: ushahidi huo mpya aghalabu ulikuwa barua ya daktari anayemtibu mdai, au maneno ya mdai mwenyewe yaliyosikilizwa kwa utulivu. Mei 2013 Baraza la Juu la Rufaa liliamua kwamba utaratibu uliwaweka wagonjwa wa akili katika hali duni kuliko wengine, na Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo Desemba mwaka uleule. Oktoba, katikati ya hukumu hizo mbili, serikali iliweka ngazi mpya: kabla ya kukata rufaa, mdai alilazimika kwanza kuiomba wizara iutazame upya uamuzi wake.

Gharama yake kwa maisha ya watu ilijadiliwa kwa uchungu. Utafiti wa Benjamin Barr na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulichunguza maeneo ambako watu zaidi ya milioni 1 walipimwa upya kati ya 2010 na 2013, ukahusisha upimaji huo na vifo 590 vya ziada vya kujiua. Utafiti huo ulilinganisha maeneo, haukufuata mtu mmoja mmoja, na wizara ilisema chanzo hakijathibitishwa. Ni tahadhari halali, ingawa aliyekuwa na kumbukumbu za kila mdai ni wizara yenyewe. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu iliona kwamba mageuzi ya Uingereza yalikiuka haki hizo kwa kiwango kikubwa; serikali ilikataa hitimisho hilo. Mwaka huohuo Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilionesha kwamba gharama ya tathmini moja ilikuwa imepanda kutoka pauni 115 hadi 190.

Wakati huo tathmini ya pili ilikuwa imeshaota mizizi. Kuanzia Aprili 2013 posho iliyosaidia gharama za kuishi na ulemavu ilianza kubadilishwa, nayo ikaingizwa katika alama. Umbali uliotumika kupima ugumu mkubwa wa kutembea ukashuka kutoka mita 50 hadi 20. Desemba 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kanuni iliyowanyima alama walioshindwa kusafiri kwa sababu ya msongo wa akili, na wizara ikaahidi kupitia upya madai takribani milioni 1.6. Mwaka 2023 serikali ya Conservative ilipendekeza kuifuta tathmini ya mwaka 2008, na maamuzi yake yahamishiwe kwenye hii ya pili. Mwaka 2025 serikali ya Labour ilitaka mdai wa posho hiyo awe na angalau alama 4 katika shughuli moja ya maisha ya kila siku. Wabunge wa chama chenyewe waliasi, na Julai 1, siku ya kura, kifungu hicho kikaondolewa ili suala lipelekwe kwenye mapitio yatakayowashirikisha watu wenye ulemavu. Alama zenyewe hazikuondolewa.